Mama wa Shamba

Nchi ya Olkaria, iliyo kusini ya Ziwa Naivasha, ina fundisho lake kwa mtu mwenye macho. Mvuke hutoka katika nyufa za ardhi usiku na mchana. Joto linalousukuma lilikuwako chini ya miguu ya wachungaji kwa karne nyingi, lakini visima vya kwanza vya kulitafuta vilianza kuchimbwa mwaka 1956, na mtambo wa kwanza wa umeme ulianza kazi mwaka 1981. Basi nguvu yaweza kuwako muda mrefu sana bila kuingia katika hesabu ya mtu yeyote. Nguvu ya namna hiyo ndiyo nitakayo kukueleza, ila si nguvu ya mvuke. Ni nguvu ya mama wa shamba.

Zamani za utawala wa Waingereza, sehemu kubwa ya nchi ya Naivasha na Nakuru ilikuwa mashamba ya walowezi. Humo zilistawi ngano, mahindi na pareto, na humo waliishi maelfu ya Waafrika kwa ahadi ya kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka mkaazi wa shamba amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Naye kwa malipo yake alipata mshahara mdogo, na mahali pa kujenga, kulima na kulisha mifugo. Mwanamume alichukua kipande, yaani cheti kilichotiwa ndani ya kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Katika cheti hicho iliandikwa kazi yake, mshahara wake na jina la bwana wake. Mkewe hakuvaa kipande. Aliepukana na fedheha ya kufungwa bati shingoni kama mnyama, lakini pia hapakuwa na karatasi iliyokumbuka kwamba aliishi.

Nyanya yangu alikuwa mmoja wa wake hao. Alipofariki, jamaa tulikutana ili tuandike maneno ya kusomwa kaburini. Juu ya babu, aliyemtangulia, sanduku la bati lilikuwa limejaa ushahidi: vyeti, tarehe, na majina ya mashamba aliyofanyia kazi. Juu ya nyanya hapakuwa na kitu. Hata mwaka wa kuzaliwa kwake haukujulikana. Tuliambiwa tu kwamba alizaliwa wakati wa nzige. Ndipo shangazi yangu akasema kila mtu ataje jambo moja alilolishuhudia kwa macho yake. Ami alisema kwamba nyanya aliuza kuku wake watatu ili yeye apate sare ya shule. Mwingine alisema kwamba alichuma pareto huku amembeba mtoto mgongoni. Shangazi mwenyewe alisema kwamba katika kibuyu mlikuwa na maharagwe ya mbegu yaliyochanganywa na majivu, na kwamba mwaka wa njaa, watoto walipolia, nyanya alikwenda kuomba chakula kwa jirani wala hakukigusa kibuyu kile. Mvua iliponyesha, nyumba yake ilikuwa na cha kupanda.

Maneno hayo tuliyaandika, tukayasoma. Niliona siku hiyo kwamba maisha ya mama wa shamba hayana kumbukumbu nyingine ila vinywa vya watoto wake.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao. Mwanamke mmoja wa Nyeri, jina lake Wanjiru Kibicho, alijifungua mtoto wake wa tatu tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe. Mtoto huyo alikuwa binti yake wa kwanza. Mwaka 1943 alikwenda naye katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, alikofanya kazi mumewe, Muta Njugi, dereva na fundi wa magari. Mwaka 1947 Wanjiru alirudi Ihithe, kwa maana shambani hapakuwa na shule, na wanawe wa kiume walikuwa wakisoma kijijini.

Huko Ihithe alimpa binti yake kipande kidogo cha ardhi katikati ya shamba lake, apande mbegu zake mwenyewe. Mtoto, kwa pupa ya kitoto, akawa anazifukua mbegu kutazama kama zimeota. Mama akamfundisha kuziacha, kwa kuwa mbegu hutoka yenyewe wakati wake ukifika. Tena alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo, maana ulikuwa mti wa Mungu.

Kisha ikaja siku ya uamuzi. Kaka wa binti huyo alimwuliza mama yao kwa nini dada yake haendi shule kama wavulana. Wanjiru aliona kwamba hapakuwa na sababu ya kumzuia, akampeleka. Usilipite jibu hilo kwa haraka, msomaji. Katika nyumba ya mkulima, binti wa kwanza ni mkono wa kuume wa mama yake. Kila mzigo wa kuni na kila mtungi wa maji ambao binti hakuuleta, ilimpasa mama auchukue mwenyewe. Jibu lilikuwa fupi, lakini gharama yake ililipwa kila siku kwa miaka.

Binti huyo ndiye Wangari Maathai. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, chama kilichowaongoza wanawake wa mashambani kupanda mamilioni ya miti, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011. Alipoandika kitabu cha maisha yake, aliueleza ulimwengu juu ya mbegu zile, mugumo ule na mama yule. Kama si kalamu ya binti, nani angalimjua Wanjiru?

Aghalabu tunapomsifu mama wa shamba tunausifu mzigo wake: kwamba aliamka kabla ya jogoo, kwamba hakulalamika. Sifa hiyo ni nusu ya haki, na yaweza kugeuka dhuluma, maana huufanya mzigo uonekane kuwa pambo la mwanamke. Hata punda huchukua mzigo. Mama wa shamba alikuwa na jambo lililo kubwa kuliko uvumilivu: alikuwa na akili ya kuamua. Kuihifadhi mbegu katika njaa ni uamuzi. Kuuza kuku kwa ajili ya sare ni uamuzi. Kumtoa binti jikoni na kumpeleka darasani ni uamuzi. Asifiwe kwa hayo, na mzigo wake upunguzwe na wale aliowalea.

Hata leo, kando ya Ziwa Naivasha, akina mama huamka gizani kwenda kukata waridi katika mashamba ya maua, na wengi wao wana watoto madarasani. Yamkini wewe usomaye ukurasa huu ni mmoja wa watoto hao. Basi mwulize mama yako, au nyanya yako ikiwa yu hai, ni jambo gani alilopasa kuchagua siku ambayo kuchagua kulikuwa kugumu. Usimwulize juu ya taabu peke yake. Kisha andika atakachokujibu, pamoja na mahali na mwaka, na juu ya ukurasa andika jina lake kamili.