Damu Ina Majina

Wahenga walinena kuwa damu ni nzito kuliko maji. Mdogo wangu, hata hivyo, alizaliwa na damu isiyojua kuwa nzito. Akijikata, huvuja kwa siku kadhaa. Akijigonga, damu humvujia ndani ya goti hadi livimbe. Maradhi hayo ni hemofilia.

Alipong'oka jino, tulimkimbiza katika hospitali moja ndogo mbali na Eldoret. Alitundikiwa utegili, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na seli zake. Utegili una vigandishaji vyote, ila kila kimoja ni haba. Mfuko baada ya mfuko uliingia, saa zikayoyoma, mtoto akavimba uso na kuwashwa mwili mzima. Mama akaniuliza, "Mwanangu, wanampa nini?" Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nilijibu, "Damu." Jibu hilo lingali linanisuta.

Baadaye alipimwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mjini Eldoret, ikabainika kuwa amepungukiwa na kigandishaji cha tisa. Usiku huo niliketi na mama nikamweleza upya. Utegili, nilimwambia, ni kama uji mwepesi: kila kitu kimo, lakini sharti unywe sufuria nzima. Pili, kuna mashapo yanayobaki utegili uliogandishwa unapoyeyushwa polepole kwenye baridi. Madaktari huyaita krayo. Mwaka wa 1964, Judith Pool wa Marekani alionyesha kwamba yamejaa kigandishaji cha nane. Humfaa aliyekosa cha nane, si huyu wetu. Tatu ni kigandishaji chenyewe, unga katika chupa ndogo, unaochanganywa na maji maalum na kudungwa mshipani kwa dakika chache. Sikumficha kwamba, kabla ya virusi kuanza kuuawa kwa joto katika miaka ya 1980, unga huo uliwaambukiza wagonjwa wengi duniani UKIMWI na homa ya ini. Wala sikumficha kwamba siku hizi ni salama zaidi, ila bei yake hutushinda, nasi hungojea chupa za msaada.

Mama alinyamaza kitambo. "Kumbe damu ina majina," akasema.

Miezi michache baadaye mtoto alianguka nami nikiwa chuoni. Mama alimfikisha hospitalini peke yake. Aliposikia kwamba italetwa krayo, alisema, "Samahani, daktari. Huyu wangu ni wa tisa. Krayo haimfai. Ikiwa unga haupo, tafadhali mpe utegili." Daktari aliitazama kadi upya, akaagiza utegili. Ulikuwa ule ule uji mwepesi, lakini ndani yake kigandishaji cha tisa kilikuwamo.

Ndugu msomaji, sisi hubishana madarasani kuhusu istilahi kana kwamba ni mapambo ya lugha. Tangu siku hiyo, nikiulizwa istilahi ni ya nani, humkumbuka mama yangu, aliyesimama kando ya kitanda akiwa na maneno matatu tu, akachagua lililo sahihi.