Timu Iliyohamishwa Usiku wa Manane

Ukisafiri kutoka Likoni hadi Msambweni utaiona Marekani nzima ikikupita barabarani. Si Wamarekani wenyewe, bali fulana zao. Mwendesha bodaboda wa Ukunda kavaa ya Chicago, mvuvi wa Gazi kavaa ya Dallas, na muuza madafu wa Diani yumo ndani ya Miami. Zote ni mitumba. Aghalabu mnunuzi hutazama rangi na bei. Lile jina la kifuani hana habari nalo.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari kule Msambweni, anayo moja nyeupe na buluu yenye picha ya kiatu cha farasi. Siku moja aliniuliza, "Mjomba, hii ni timu ya wapi?" Swali lenyewe lilikuwa fupi, lakini jibu lilitukalisha barazani tangu magharibi hadi isha. Nami naona si vibaya nikusimulie nawe, msomaji, kwani ndani yake mna jambo linalotuhusu.

Timu hiyo huitwa Colts, yaani vitoto vya farasi. Inacheza futiboli ya Kimarekani, mchezo usiofanana na kandanda yetu. Mpira una umbo la yai na hubebwa na kurushwa kwa mikono. Wachezaji ni 11 kila upande, nao huvaa kofia ngumu na vikinga mabega. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Wakishindwa, mpira huenda kwa wenzao.

Colts ilianza mwaka 1953 mjini Baltimore, mji wa bandari kama Mombasa. Jina lilitokana na mbio za farasi ambazo zina sifa kubwa sehemu zile. Mwaka 1956 ilimchukua kijana mmoja, Johnny Unitas, ambaye timu ya Pittsburgh ilikuwa imemwacha, akawa anafanya kazi ya mjengo na kucheza mechi ndogo ndogo kwa dola 6. Desemba 28, 1958, kijana huyo aliiongoza Colts kuwashinda New York Giants 23-17 katika fainali iliyoingia muda wa ziada. Wako wanaoiita mechi bora kuliko zote hadi leo. Ubingwa ulirudi tena mwaka 1959, na Januari 1971 wakatwaa Super Bowl, fainali kuu ya mchezo huo, kwa kuwalaza Dallas Cowboys 16-13.

Mwaka 1972 timu ilipata mwenyewe mpya, Robert Irsay. Yeye na wakuu wa mji wakavutana miaka mingi juu ya uwanja. Machi 1984 wabunge wa jimbo la Maryland wakaanza kupitisha sheria ya kuuwezesha mji kuitwaa timu, kama vile serikali inavyotwaa shamba la mtu ili ipitishe barabara. Irsay hakungoja. Usiku wa Machi 28 malori ya kuhamisha mizigo yalifika, yakapakia kofia, jezi na vyombo vya ofisi. Kulipopambazuka, Colts ilikuwa safarini kwenda Indianapolis, mji ulio mbali zaidi ya kilomita 800.

"Mjomba, kumbe timu huibwa?" akauliza mpwa wangu.

Nikamwambia la hasha, haikuibwa. Mwenye hati ndiye mwenye mali. Lakini timu ina wenyewe wawili: mwenye karatasi na mwenye mapenzi. Karatasi ilikwenda Indianapolis, mapenzi yakabaki Baltimore. Bendi ya matarumbeta iliyokuwa ikiitumbuizia timu ilikataa kuvunjika. Sare zake zilikuwa kwa dobi usiku ule, nazo zikafichwa zisichukuliwe. Bendi ikaendelea kupiga miaka 12 bila ya timu ya kuipigia! Naye Unitas hakukubali kuhesabiwa mtu wa Indianapolis hadi alipofariki mwaka 2002.

Mwaka 1996 Baltimore ilipata timu nyingine. Ilitoka wapi? Ilichukuliwa Cleveland, na watu wa huko wakalia kilio kile kile. Ila Cleveland walikuwa wamejifunza. Walikwenda mahakamani, na katika maafikiano jina la Browns, rangi zake na historia yake vikabaki mjini. Mwenye mali akaondoka na wachezaji tu, akalazimika kutafuta jina jipya. Mwaka 1999 Browns ikarudi uwanjani.

Colts nayo ilipata wapenzi wapya. Februari 4, 2007 iliwashinda Chicago Bears 29-17 na kutwaa Super Bowl kwa jina la Indianapolis. Mwaka 2013 ikamsajili Mkenya, Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakuwa amewahi kuucheza mchezo huo, naye akawa Mkenya wa kwanza kuingia uwanjani katika ligi ile.

Sasa tugeukie kwetu. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965. Waulize vijana wa leo, wangapi wamelisikia jina hilo? Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na ingawa miwa ilikuja kupandwa tena chini ya kampuni nyingine, wazee wanajua jinsi mahali panavyopooza mwenye mali anapoondoka. Timu zetu za mitaani zinaning'inia kwa mfadhili mmoja, hoteli au mwanasiasa, na hazina hata ukurasa mmoja ulioandikwa.

Nayasema haya kwa sababu timu anayochezea mpwa wangu imepata mfanyabiashara anayetaka kuifadhili. Ataleta jezi na viatu, lakini anataka jina libadilike na mechi zichezewe kwingine, karibu na biashara zake. Vijana wamefurahi, na nani awalaumu? Wengi wao hucheza miguu mitupu. Wazee wanasitasita.

Walipokutana, mpwa wangu aliomba ruhusa ya kusema, akawasimulia habari za Baltimore na Cleveland. Baada ya mabishano marefu waliandika barua ya nusu ukurasa: mfadhili anakaribishwa, jina lake litiwe kifuani mwa jezi, lakini jina la timu, rangi na kiwanja ni mali ya kijiji, naye akiondoka ataviacha. Wakatia sahihi watu saba, wazee wanne na vijana watatu.

Mfanyabiashara amesema atafikiri. Huenda akakubali, huenda akaenda kijiji cha pili na jezi zake. Lolote litakalokuwa, nakala ya barua ile imo ndani ya kasha la nyumba ya dada yangu, na vijana bado wanafanya mazoezi kila jioni.