Mfalme Mchunga Kondoo

Aliyechunga mifugo kwa miguu yake mwenyewe hazisikilizi nyimbo za machungani kwa masikio ya mtu wa mjini. Mimi nilichunga ng'ombe na mbuzi kabla ya kupelekwa shule, na ninachokumbuka ni kupe, miiba, njaa ya mchana, na hofu ya kurudi jioni ng'ombe mmoja akiwa hayupo. Ndiyo maana nilipopata kanda ya Il re pastore, opera aliyoitunga Mozart akiwa na miaka 19, niliisikiliza kwa shaka.

Tazama ilivyozaliwa. Mwezi Aprili 1775, Maximilian, mwana wa mwisho wa Maria Theresa, alikuwa mgeni mjini Salzburg. Askofu Mkuu Colloredo, mtawala wa mji na mwajiri wa Mozart, alitaka mgeni wake atumbuizwe katika jumba lake. Maneno yalikuwa ya Metastasio, mshairi wa ikulu ya Vienna, naye aliyaandika zaidi ya miaka ishirini kabla. Aminta anachunga kondoo karibu na Sidoni, asijue kuwa yeye ndiye mrithi halali wa kiti cha enzi. Aleksanda Mkuu anamgundua, anampa ufalme, kisha, kwa nia njema kabisa, anampangia mke: Tamiri, binti wa dhalimu aliyepinduliwa. Lakini Aminta ana Elisa wake. Kumbe hata huyu mchunga kondoo mmoja tuliyepewa ni mwana wa mfalme! Kaka yangu, aliyebaki na mifugo ili mimi nisome, angecheka sana.

Hata hivyo, katika sehemu ya pili upo wimbo ulioniondolea kicheko. Aminta anaahidi kupenda na kudumu katika kupenda. Hamtaji mwanamke kwa jina. Fidla moja inapanda pamoja na sauti yake, inatangulia, inamngoja, kama mtu anayetembea na mwenzake njia nyembamba. (Siku ile aliimba towashi, siku hizi huimba mwanamke.) Hapo sikuona tena kondoo wala mabwana wa Salzburg. Nilimsikia mtu anayeombwa alipe cheo kwa mke wake.

Mwishoni Aminta anakuja na mavazi yake ya zamani kuurudisha ufalme. Aleksanda anaguswa, anampa vyote viwili, Elisa na Sidoni. Mozart mwenyewe hakupata bwana wa namna hiyo: mwaka 1781 aliacha utumishi wa Colloredo, akasindikizwa mlangoni kwa teke la mtumishi mkuu wa Askofu.

Kaka yangu naye aliwahi kuitwa. Mwaka 1983 alipata kazi katika ranchi ya mbali, mshahara mzuri, chumba cha mtu mmoja, mke asije. Alikaa miezi miwili, akarudisha funguo na buti, akarudi nyumbani kwa mkewe. Hakuna Aleksanda aliyemfuata njiani.