Habu Niliyoitoa

Nimelificha jambo hili kwa miaka miwili. Zile baiskeli mbili za Raleigh ambazo nimekuwa nikiwaonyesha watu kuwa ni pacha wa mwaka 1938 si pacha wa mwaka 1938. Ya kiume ndiyo ya mwaka huo. Ya kike niliizeesha mimi.

Nilizinunua Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili Mtaa wa Narung'ombe, mojawapo ya zile chache ambazo maghorofa hayajazimeza. Zilikuwa uani zimeegemeana chini ya bati. Nyeusi zote mbili, breki zake za vyuma vitupu bila waya, na ukipangusa vumbi kwenye madigadi unaona mistari ya rangi ya dhahabu. Zote zilikuwa na gia tatu za ndani. Hicho ni kitu adimu, maana baiskeli nyingi zilizoletwa Tanganyika zilikuwa za gia moja tu, za kubebea mizigo na watu. Aliyeniuzia ni kijana, mjukuu wa mwenye nyumba. Bibi yake alikuwa ndani amepumzika. Sikuomba hata nimwamkie.

Anayetafuta umri wa baiskeli kama hizi huanzia kwenye habu ya gurudumu la nyuma, pale katikati spoki zinapochomekwa. Sturmey-Archer, watengenezaji wa gia wa Nottingham, mji uleule wa Raleigh, walikuwa wakigonga mwaka juu ya chuma chenyewe. Kabla ya vita waligonga tarakimu moja: 7 ni 1937, 8 ni 1938. Baada ya vita wakawa wanagonga tarakimu mbili za mwaka, na kando yake namba ya mwezi. Nilichuchumaa na kitambaa chenye mafuta ya taa nikaanza kusugua habu ya ile ya kiume. Grisi ilitoka kama lami. Chini yake zikajitokeza herufi AW, kisha 8 ndogo, imesimama wima bila doa. Moyo ulinidunda. Hiyo ilipita baharini kabla ya vita, kabla viwanda vya Raleigh havijageuzwa kutengeneza zana za kivita. Ilishushwa hapa kwa tishari, kwa sababu magati ya maji marefu ya bandari yetu yalifunguliwa mwaka 1956 tu.

Nikahamia kwenye ya kike. AW. 52. 4.

Aprili 1952. Nilisoma mara tatu, na nilielewa nilichokisoma. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na sikulifanya kwa kutojua. Nilijiambia kwamba habu hubadilishwa, kwamba gurudumu hili lazima liliwekwa baadaye baada ya la kwanza kuharibika. Ni hoja ya kweli. Magurudumu hubadilishwa kila siku. Lakini ile 8 ya baiskeli ya kiume sikuitilia shaka hata kidogo. Niliiamini kwa sababu ilinipa nilichokitaka, na 52 niliikataa kwa sababu ilininyima.

Eneo la Gerezani kuna fundi niliyemjua, ana makopo ya maziwa yaliyojaa vyuma vya zamani. Kwenye kopo moja alikuwa na habu ya AW yenye 8. Nilimpa gurudumu la ile ya kike, akalifumua spoki zote 40. Magurudumu ya Kiingereza ya wakati ule yalikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na kuzisuka upya ni kazi ya nusu siku. Akaingiza habu ya kopo. Ile ya 1952 nikamwachia kama sehemu ya malipo yake. Sikuipiga hata picha. Nadhani sikutaka ushahidi ubaki.

Kisha nikaandika kadi: "Pacha, 1938." Nikawaalika wapenzi wenzangu wa vitu vya kale, na kwa fahari nikamwalika na yule kijana. Alikuja na bibi yake.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kwenye ile ya kike akaishika kengele. Akaomba asomewe kadi. Nilipomaliza akanyamaza kidogo.

"Mwanangu," akasema, "hii haikuja na ile. Ile ni ya baba, aliinunua kabla sijazaliwa, akiwa karani bandarini. Hii alimnunulia mama alipoanza ukunga. Mimi nilikuwa nasoma tayari. Alizunguka maduka yote ya Uhindini, kila duka anasema nataka kama yangu, kama yangu hasa, ya kike. Wanampa nyingine hataki. Akasubiri meli."

Wageni wakacheka kwa furaha, wakadhani ni nyongeza ya hadithi. Mimi nilikuwa nimeiondoa kauli hiyohiyo iliyogongwa kwenye chuma. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita, na vita katikati, mtu akatafuta na kusubiri baiskeli inayofanana na yake ili mke wake apande kwenda kuzalisha wanawake wa Kariakoo usiku. Ushahidi pekee wa subira hiyo ulikuwa tarakimu tatu kwenye habu, nami nilizitoa kwa sababu zilinichafulia jozi. Siku ile sikumwambia. Nilimshukuru kwa kuja.

Nimemwambia wiki iliyopita, nimekaa kwenye mkeka barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo gurudumu la mama liko wapi?"

Nilikwenda Gerezani. Fundi anakumbuka. Ile habu aliifunga kwenye baiskeli ya muuza madafu, Phoenix ya Kichina, hamjui jina. Mteja wa siku moja. Kadi nimeiandika upya: ya kiume 1938, ya kike 1952, habu yake ya nyuma si yake, ilitolewa na mimi. Na kila asubuhi, kuanzia Mnazi Mmoja hadi Posta, ninawasimamisha wauza madafu. Ninanunua dafu, ninaomba ruhusa, ninapiga magoti nyuma ya baiskeli na kile kitambaa cha mafuta ya taa. Mpaka sasa nimeshasugua kumi na moja.