MOYO WA KARATASI WA BWANA ANDERSEN

Katika Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, karibu na stesheni kuu ya garimoshi, iko bustani ya starehe iitwayo Tivoli. Ilifunguliwa tarehe 15 Agosti, 1843, na Bwana Georg Carstensen, aliyepewa ruhusa na Mfalme Christian wa Nane. Mna pembea za kila namna, majumba ya michezo, muziki, maua na taa za rangi. Kwa miaka mingi ilifunguliwa majira ya joto tu, lakini tangu mwaka 1994 hufunguliwa wakati wa Krismasi pia, na miti yake huvikwa taa tele katika baridi ile.

Miongoni mwa mapambo ya Krismasi ya Wadenmark limo moja ambalo ndilo lililonitia hamu ya kuandika habari hizi, nalo ni moyo wa karatasi. Huchukuliwa karatasi mbili, mara nyingi nyekundu na nyeupe, kama bendera yao. Kila moja hukunjwa katikati, ncha moja hukatwa mviringo, na upande wa pili hupasuliwa vipande virefu. Kisha vipande hivyo husukwa, kimoja ndani ya kingine, kama bibi zetu wasukavyo ukili, mpaka upatikane moyo wenye miraba. Ukisukwa sawasawa hufunguka kama kikapu, ukatiwa mkono na kutundikwa mtini, na ndani yake hutiwa peremende au njugu. Ulio mkongwe kuliko yote ijulikanayo ulifanywa na Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi, mnamo mwaka 1860, nao umehifadhiwa Odense, mji aliozaliwa.

Basi yasemwa kuwa Bwana Andersen alikuwa na mkasi mkubwa, naye alipowasimulia watoto hadithi alikuwa akikata karatasi huku anasema. Hadithi ilipokwisha aliikunjua karatasi, na tazama, ndani mna mabata maji, majumba na wacheza ngoma. Mimi napenda jambo hili kuliko hata vitabu vyake, na Mwalimu wetu wa maktaba anisamehe.

Tivoli nayo ilimpa hadithi. Alikwenda huko mwaka ule ule wa kwanza, na tarehe 11 Oktoba aliporudi alianza kuandika hadithi ya Kichina juu ya ndege mwimbaji wa usiku na mfalme mkuu. Ilitoka Novemba 1843, katika kijitabu kimoja na hadithi ya kinda la bata lililochekwa kwa ubaya wake. Leo mle bustanini kuna chombo kiitwacho Sanduku Lirukalo, ambamo watu huketi wakapitishwa mbele ya sanamu za hadithi zake. Nje, kando ya barabara yenye jina lake, iko sanamu yake ameketi, uso ameuelekeza Tivoli.

Rafiki yangu mmoja bwenini alibisha sana. Alisema bustani ile hutoza kiingilio, kwa hiyo haimheshimu mtunzi, bali yamtumia. Nilimjibu kuwa moyo wa karatasi hautozi kitu. Mtoto yeyote mwenye mkasi aweza kuufanya, wala hahitaji kujua nani aliutangulia. Sidhani alikubali.

Lakini yuko mwingine aliyekuwa akisikiliza. Huyu ni mwenzetu mkubwa kwa umri, ambaye alikaa miaka mingi nje ya shule akivua samaki baada ya baba yake kufa, kisha akarudi. Wadogo wa vidato vya chini humwita "Babu", na baadhi yetu twacheka. Jioni ile alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake la bati. Hakuna aliyemwuliza, maana sote tulijua.

Akaniuliza, "Mdogo wangu, huyo mtu alisoma wapi?"

Nikamweleza niliyoyasoma. Baba yake Andersen alikuwa mshona viatu, akafa mwaka 1816, na mama yake alifua nguo za watu. Akiwa na miaka 14 alikwenda Copenhagen peke yake kutafuta kazi katika jumba la michezo, akataabika. Mwaka 1822 mzee mmoja mwenye cheo, Jonas Collin, alimpatia msaada wa Mfalme asome. Akapelekwa shule ya Slagelse, naye umri wake miaka 17 kama mimi sasa, akaketishwa pamoja na watoto wa miaka kumi na mmoja na kumi na miwili. Mkuu wa shule, Bwana Meisling, alikuwa mkali, akamdhihaki mbele ya wenzake. Alipoandika shairi juu ya mtoto anayekufa, mkuu yule alilibeza. Baadaye shairi hilo lilipigwa chapa, likapendwa.

"Akatoroka?"

"Hapana, kaka. Bwana Collin alimtoa kwa Meisling mwaka 1827, akasomeshwa na mwalimu mwingine."

"Na mtihani?"

"Alishinda, mwaka 1828. Alikuwa na miaka 23."

Akanyamaza kitambo kirefu. Hakulifungua sanduku usiku ule, wala hakuniambia lolote. Asubuhi alikuwa kwenye mstari wa uji kama kawaida, na mtu alipomwita Babu aliitika.

Jumamosi iliyofuata tulikata karatasi za majaribio ya zamani, tukazipaka wino mwekundu, tukasuka mioyo ya kutundika katika bwalo siku ya kufunga muhula. Wangu ulikwenda upande. Wake ulinyooka sana, kwa kuwa mikono yake imezoea nyavu, ikawa watoto wa Kidato cha Kwanza wamemzunguka wakiomba kufundishwa. Mtihani wetu ni Novemba. Sanduku la bati liko chini ya kitanda chake, na nguo bado zimo ndani, ila daftari za Hesabu amezitoa.