Macho Yana Kazi, na Mdomo Pia

Waswahili husema tahadhari kabla ya hatari. Msemo huu sisi wanafunzi wa kutwa twaujua vyema kuliko wenzetu wa bweni, kwani kila jioni sharti tukatize jiji la Nairobi kwa miguu ndipo tufike nyumbani.

Mimi hufuata barabara ya Ronald Ngala hadi Muthurwa kupanda matatu za Jogoo Road. Nilipoingia kidato cha kwanza mama alinipa sheria zake: mkoba ubebwe kifuani, simu isitolewe njiani, na nikiketi dirishani wakati wa foleni, dirisha lifungwe. "Na utembee kama mtu anayejua aendako," akasema. Nazifuata zote kama amri.

Lakini, ndugu msomaji, roho yangu hutulizwa na watu kuliko sheria. Kuna mama mmoja anayechoma mahindi pale kona. Nikichelewa huniuliza, "We msichana, leo mbona usiku?" Kuna mzee wa kushona viatu na vijana wa mitumba. Wote hao wana macho. Siku wachuuzi wakifukuzwa, barabara hubaki nyeupe, nami moyo hunienda mbio. Wapo wanaosema kwamba msongamano wa wachuuzi huwaficha wezi. Ni kweli. Ila mwizi wa mfukoni atanichukulia nauli tu. Kichochoro kitupu chaweza kunichukulia makubwa zaidi.

Hata hivyo, macho peke yake hayatoshi. Mnamo Novemba 2014 mwanamke mmoja alivuliwa nguo hadharani hapa Nairobi karibu na kituo cha matatu, umati ukitazama. Wanawake wakaandamana jijini kulaani unyama huo. Mimi najiuliza: katika umati ule, je, hakukuwa na watu kumi wa kusema "Mwacheni"?

Kwa hivyo nina maombi mawili. Walimu wetu wapendwa, giza huingia yapata saa kumi na mbili na nusu. Masomo ya ziada yakiisha saa kumi na moja, tutafika stejini kungali na mwanga na watu.

Nanyi wavulana wa shule hii, tutembee pamoja hadi Muthurwa. Na makanga akimvuta msichana mkono, msicheke. Semeni.