Bibi Atakaa kwa Nani?

Zamani swali hili halikuwepo. Kwetu Muyinga, Burundi, mama yake bibi alipopofuka, hakuna aliyeitisha kikao. Vitukuu tulipokezana kumshika mkono hadi msalani, shangazi akampikia uji, jirani akaja kumgeuza ubavu. Nyumba ilikuwa na watu mchana kutwa.

Vita vya 1993 vilitutawanya. Baadhi walivuka mpaka wa Kobero wakaishia makambini Ngara, Tanzania, sisi wengine tukahamia Gitega. Amani iliporudi, kuta za Muyinga zilikuwa zimesimama, wenyewe hawapo. Bibi, aliyeuza vitunguu sokoni umri wake wote, alibaki na mjukuu mmoja, naye akaolewa.

Tukamleta Gitega kwa njia ya Karuzi. Mji ulishafanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, kodi ya nyumba mtaani kwetu ikapanda, na kila mtu mzima alitoka alfajiri kwenda kazini. Safari hii kikao kiliitishwa, tena kwa simu.

Mjomba alishauri nyumba ya wazee. Tukaenda kwa masista: pasafi, wazee wanaota jua barazani. Sista akauliza, “Hana mtoto?” Tukanyamaza. Nyumba ile inaishi kwa sadaka na inapokea wasio na mtu. Bei ya kututajia hakuwa nayo. Aliyekuwa na ndugu, hata wakiwa tayari kulipa, hakuwa na pa kupelekwa.

Tukamwajiri mama mmoja wa makamo. Masharti aliyatoa bibi mwenyewe: awe mwanamke, ajue kumtawadhisha kabla ya swala, asimpigie kelele. Kila mwisho wa mwezi tulituma mchango kwa simu, kwa Lumicash. Faranga iliposhushwa thamani Mei 2023, sabuni, maziwa na nepi za wakubwa vikatushinda. Binamu wawili wakajitoa. Wakubwa wa ukoo nao wakasema tumemtupa mzee kwa mtu baki.

Maneno hayo hayakuwa ya haki. Yule mtu baki aliamka usiku kumgeuza bibi, akampaka mafuta mgongoni, akamlisha uji kwa kijiko kidogo bila kumharakisha. Bibi alifariki bila kidonda hata kimoja. Kulipa ilikuwa njia yetu ya kumtunza.

Pensheni ya kutusaidia hakuwa nayo: ile ya INSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Burundi, ni ya aliyechangiwa kazini. Muuza vitunguu haimfikii. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au la. Burundi nayo ianze, hata kwa kiasi kidogo, na wanawake wanaolea wazee majumbani wapewe mafunzo na mkataba. Nawe uliyeacha mzazi Muyinga ukafuata kazi Gitega, kaa naye sasa umuulize anataka kuogeshwa na nani, angali na sauti ya kujibu.